Unatoka na baiskeli saa 11 alfajiri, sasa ule nini na ule saa ngapi?

Swali la leo ni la msomaji mmoja, nalifupisha kidogo: "Mtaalamu habari. Natoka nyumbani na baiskeli saa 11 kamili alfajiri. Siku za kazi napiga lisaa limoja tu narudi, Jumamosi tunaenda na wenzangu masaa matatu mpaka manne. Siku za kazi natoka tumbo tupu na niko poa kabisa. Jumamosi nikitoka tumbo tupu, ikifika dakika ya 80 au 90 hivi miguu inakata, natetemeka, na nakua na hasira ovyo. Nikasema basi nile, nikala mayai mawili ya kukaanga na soseji na glasi kubwa ya maziwa, nusu saa tu njiani tumbo likaanza kunisokota mpaka nikashuka. Sasa nile nini? Na ni kweli inabidi niamke saa 8 usiku maana nimesikia ukila iwe masaa matatu kabla? Nina kilo 70."

Asante kwa kuniambia kilo zako na unaenda muda gani, maana wengi wanauliza tu "nile nini kabla ya baiskeli" alafu basi, ni kama kumuuliza fundi cherehani bei ya kushona bila kumwambia ni suti au ni leso.

Nianze na la saa 8 usiku. Usiamke. Yaani hilo lifute kabisa, hakuna chakula cha kukulipa usingizi wa masaa mawili uliokatwa katikati kwa ajili ya kwenda kutembea na wenzako Jumamosi. Hiyo habari ya masaa matatu ina ukweli wake ila imefika kwako nusu, ushauri wenyewe ni gramu 1 mpaka 4 za wanga kwa kila kilo ya mwili, uliwe kati ya lisaa limoja na masaa manne kabla, na hizo namba mbili zinaenda pamoja, ukila mapema unakula kingi, ukila karibu na safari unakula kidogo. Watu wakashika ule mwisho mkubwa wa mashindano, masaa matatu, sahani imejaa, wakauleta kwa kila mtu mwenye baiskeli. Wewe ukiwa na dakika 45 tu kabla ya kutoka unaangukia upande wa chini, gramu 50 mpaka 70, na hiyo inatosha, nitakuonyesha kwa nini.

Ukilala usiku kuna stoo mbili za sukari mwilini. Moja iko kwenye misuli, hii ni kubwa, mtu mzima anayefanya mazoezi anaweza kuwa na gramu 300 mpaka 500 humo, inaitwa glaikojeni, ni wanga uliofungwa tayari kutumika. Ya pili iko kwenye ini, ndogo, gramu 100 hivi ikiwa imejaa. Sasa ubongo haulali kama wewe unavyolala, unakula glukosi, ile sukari ya kwenye damu, usiku kucha (kwa siku nzima unatafuna kama gramu 120) na anayeulisha ni ini. Kwa hiyo unaamka asubuhi ini limeshatoa sehemu kubwa ya akiba yake lakini miguu, ambayo ilikua imelala shwari, bado ina karibu kila kitu ulichoiwekea jana. Na hapa kuna kitu watu wengi hawakijui, misuli ikishaweka sukari haiirudishi kwenye damu, haina kimeng'enya cha kuifungua itoke, ni mali yake peke yake, kwa hiyo paja lako linaweza kuwa limejaa na ubongo wako una njaa kwa wakati huo huo.

Ndio maana nasema chakula cha asubuhi ni cha ini, sio cha miguu. Miguu ulishailisha jana au hukuilisha, saa 10 na nusu alfajiri umeshachelewa kubadilisha hilo.

Ukishaelewa hivo mambo yako yote mawili yanajieleza yenyewe. Siku za kazi lisaa limoja linaisha kabla ini halijalia, unarudi nyumbani unakunywa chai maisha yanaendelea. Jumamosi unaenda zaidi ya hapo, miguu inavuta sukari kwenye damu, ubongo unavuta, ini linabaki halina cha kutoa, na dakika ya 80 au 90 ndio kitu kinapasuka. Hiyo hasira na kutetemeka sio tabia mbaya wala sio mazoezi pungufu, ni sukari imeshuka kwenye damu. Mi mwenyewe nimewahi kugombana na rafiki yangu barabarani juu ya nani alikua anapita upande gani wa shimo, tukala ndizi moja moja, dakika kumi baadae hatukumbuki tulikua tunagombania nini.

Sasa kuhusu kuilisha miguu jana yake, kuna jaribio moja nalipenda sana. Mwaka 1966 wanasayansi wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijitumia wenyewe. Wakachukua baiskeli moja ya mazoezi, mmoja akakaa upande huu mwingine upande ule, kila mtu anapiga pedali kwa mguu mmoja tu mpaka mguu ukaisha nguvu kabisa, ule mguu wa pili umepumzika. Alafu siku zilizofuata wakala wanga kwa wingi na wakawa wanachomwa sindano nene za kutoa kipande cha msuli kwenye mapaja yote mawili kupima glaikojeni. Ule mguu uliofanya kazi ulijaa karibu mara mbili ya ule uliopumzika. Mtu mmoja, tumbo moja, chakula kile kile, miguu miwili tofauti. Maana yake mguu uliochoka unakamata wanga kwa pupa, na kazi yako ni kuupa huo wanga ukiwa bado na hiyo pupa.

Kwa hiyo kifungua kinywa chako cha Jumamosi kinaanza Ijumaa usiku. Sahani ya kawaida tu ila upande wa wanga uwe mkubwa kidogo kuliko siku nyingine, wali au tambi au viazi, na kipande cha nyama au samaki au mayai pembeni, mafuta yasizidi, na kama tumbo lako ni la kulalamika basi maharage na mboga za nyuzi nyingi usile kwa wingi usiku huo, kula mchana. Usijishindilie. Kuna watu wakisikia "wanga kabla ya safari" wanakula sahani tatu wanalala kama chatu, asubuhi wako wazito na hawajapata kitu cha ziada, kwa masaa matatu manne huhitaji kujaza stoo mpaka mlangoni. Na ukila saa 1 au 2 usiku ni bora kuliko saa 4, sio kwa sababu ya uchawi wowote wa saa, ila tumbo lililolala na kazi linaamka na kazi.

Haya, asubuhi sasa.

Siku za kazi, lisaa limoja, mwendo wa kuongea na mtu: endelea ulivyo. Kunywa maji, kahawa ukipenda, toka. Kama siku hiyo una vile vipande vya kasi, dakika tano moto dakika mbili pole, hapo chukua nusu ndizi au tende mbili tatu kabla ya kutoka, utaona tofauti kwenye kile kipande cha mwisho. Kuna kichekesho kimoja hapa, mwaka 2004 ulitoka utafiti ambapo waendesha baiskeli kwenye mbio za takriban lisaa limoja walikua wanasukutua mdomo na maji yenye wanga alafu wanatema, hawamezi hata tone, na bado wakamaliza haraka zaidi kwa karibu asilimia 3. Mdomo ukionja tu wanga ubongo unalegeza breki. Sikwambii uanze kutema tema barabarani, nakwambia ili ujue kwamba kwa lisaa limoja shida sio mafuta kwenye tangi.

Jumamosi. Amka saa 10 na robo, sio lazima mapema zaidi. Kitu cha kwanza glasi ya maji, alafu kula ndani ya dakika kumi, usiende kwanza kutafuta soksi na kupuliza matairi, kula kwanza alafu hayo mengine yafanye chakula kikishuka. Nini? Vipande viwili vya mkate mweupe (ndiyo mweupe, asubuhi hii sio ya mkate wa nyuzi nyuzi) vimepakwa kijiko kikubwa cha asali au jamu, na ndizi moja. Hesabu yake: mkate kama gramu 26, asali 17, ndizi ya wastani 27, jumla 70, gramu 1 kwa kilo yako moja, umemaliza. Ukichoka mkate kuna uji wa oti mwepesi, gramu 40 za oti kavu zinakupa kama 27 za wanga, weka ndizi na asali juu umefika pale pale. Wali uliobaki jana na chumvi kidogo au sukari kidogo ni chakula kizuri sana cha baiskeli, kikombe kimoja ni kama gramu 45, watu wanauonea aibu asubuhi sijui kwa nini. Na kama ni wa wale ambao saa 10 alfajiri mdomo umefunga hata mate hayapiti, kunywa, juisi glasi moja au maji yenye sukari, ini halijali kama sukari imekuja kwenye sahani au kwenye kikombe.

Ile sahani yako ya mayai na soseji na maziwa sasa. Sio chakula kibaya, kimewekwa tu saa mbaya. Mafuta na protini vinachelewa kutoka tumboni, sahani kama hiyo inaweza kukaa masaa matatu manne, na wewe baada ya nusu saa umejikunja juu ya usukani tumbo limebanwa, damu iliyokua inasaidia kusaga imeitwa miguuni, kinachobaki tumboni kinazunguka tu. Maziwa pia kwa baadhi ya watu ile sukari yake haisagiki vizuri, ukikaa kwenye kiti nyumbani husikii kitu, ukipanda kilima unasikia. Mi niliwahi kula mayai matatu na mkate wa kukaanga kwenye siagi dakika 20 kabla ya kutoka, sitaki kueleza kilichotokea, ila niliyaona tena yale mayai. Hiyo sahani ile ile ukirudi saa 3 asubuhi ndio mahali pake kabisa, misuli inataka protini na ile pupa ya wanga niliyosema ndio iko juu, ongeza tu mkate.

Kuna kitu kimoja utakisikia kwa watu, kwamba ukila vitu vitamu dakika 30 mpaka 60 kabla, insulini (homoni inayoshusha sukari kwenye damu) inapanda, alafu ukianza mazoezi sukari inaporomoka. Hilo halikutungwa, kuna utafiti wa 1979 ambapo waliokunywa gramu 75 za glukosi dakika 30 mpaka 45 kabla walichoka mapema kwa asilimia 19, na dunia nzima ikaogopa. Ila tafiti nyingi zilizofuata hazikupata hasara hiyo, kwa watu wengi sukari inashuka kidogo dakika za mwanzo alafu mwili unajirekebisha wenyewe na safari inaenda vizuri tu. Wapo wachache wanaosikia kweli, kichwa chepesi na miguu ya pamba dakika 10 mpaka 20 za mwanzo. Ukijikuta wewe ni mmoja wao usiache kula, geuza mpango: kula mkate pale saa 10 na robo, ile ndizi ibakize uile mlangoni umeshavaa helmeti, au uile ukiwa umeshaanza kukanyaga. Ukishaanza kutumia misuli insulini haipandi vile, na ule mporomoko unakua haupo.

Kahawa inafanya kazi, hapo sina la kubisha. Kiwango kinachosaidia ni miligramu 3 mpaka 6 za kafeini kwa kilo, kwako kuanzia 210, ambayo ni kama vikombe viwili vya kawaida, lakini hata kimoja utakisikia na mi nisingekuambia uanze na viwili. Inafika kileleni ndani ya dakika 30 mpaka 60 kwa hiyo ukinywa na mkate wako saa 10 na nusu umelenga vizuri. Na faida yake nyingine tuseme tu wazi, inakupeleka chooni, na ni bora ikupeleke ukiwa nyumbani, kwa hiyo iache na muda wake usinywe na kukimbilia baiskeli.

Maji usijaze tumbo. Mililita 300 mpaka 400 kidogo kidogo toka unaamka mpaka unatoka, mkojo ukiwa wa njano hafifu uko sawa. Wapo wanaokunywa lita nzima kwa mkupuo "wasikaukiwe", wanashuka kukojoa mara nne kabla ya kilometa 20, na kunywa maji matupu kupita kiasi kwenye safari ndefu kunaweza kupunguza chumvi kwenye damu mpaka ikawa hatari, hiyo sio hadithi.

Alafu nije kwenye kosa lako la kweli, ambalo hukuliuliza. Hukuniambia unakula nini njiani, na nadhani jibu ni hakuna. Hata ule mkate wako vizuri namna gani, masaa matatu na nusu haibebwi na gramu 70. Ukizidi dakika 90 njiani unahitaji gramu 30 mpaka 60 za wanga kila lisaa, na uanze mapema, dakika ya 20 au 30 weka kitu mdomoni ukiwa huna njaa hata kidogo, maana njaa ya baiskeli ikifika inakua imekuja na deni, ukila wakati tayari unatetemeka unasubiri dakika 10, 15 ndio urudi binadamu. Weka alamu kwenye saa yako kila dakika 25 kama unasahau. Ndizi mbili kwenye mfuko wa jezi, tende, mkate wenye jamu umekunjwa, hivo tu.

Kinywaji cha nyumbani pia kizuri, chupa ya mililita 750 weka vijiko vikubwa vinne vya sukari vya kusawazisha (kama gramu 50), chumvi punje kidogo ya vidole viwili, ndimu ikate utamu. Sukari ya kawaida ya mezani ina bahati nzuri, nusu yake ni glukosi nusu fruktosi (sukari ya matunda), na hizo mbili zinapita milango tofauti kwenye utumbo. Mlango wa glukosi peke yake unajaa ukifika kama gramu 60 kwa lisaa, ikizidi inabaki inakuvurugia tumbo, ukichanganya na fruktosi unaweza kwenda mpaka 90. Ndio siri ya wale wa Tour de France wanaokula 90 na hata 120 kwa lisaa bila kutapika, pamoja na kwamba tumbo lao wamelifundisha miezi na miezi. Wewe usifike huko, anza 30 Jumamosi hii, wiki mbili baadae 45, tumbo nalo linafundishika kama mapafu.

Najua kuna msomaji mwingine anasoma hapa anasema mbona mimi natoka tumbo tupu makusudi, nataka kupungua. Ukiendesha bila kula ni kweli unachoma mafuta mengi zaidi ndani ya ile saa, ila mwili unapiga hesabu ya siku nzima sio ya asubuhi peke yake, mwaka 2014 kuna utafiti uliwalinganisha wanawake vijana 20 kwa wiki nne, nusu wanafanya mazoezi bila kula nusu wamekula, kalori za siku sawa, wote walipungua na hakuna kundi lililomshinda mwenzake. Safari fupi na pole bila kula haina neno. Safari ndefu bila kula mara nyingi unairudisha jikoni saa 4 asubuhi mbele ya friji, na hapo hamna wa kuhesabu kalori.

Angalizo moja tu, na hili sio la utani: kama una kisukari na unatumia insulini au zile dawa za kushusha sukari, usichukue namba zangu ukaenda nazo barabarani, kaa kwanza na daktari wako mpange dozi na chakula pamoja, maana baiskeli yenyewe inashusha sukari na dawa inashusha.

Kwa hiyo Jumamosi hii fanya hivi: Ijumaa wali wa kutosha, saa 10 na robo maji na mkate na asali na ndizi na kikombe kimoja cha kahawa, mfukoni ndizi mbili, chupa moja ya sukari na nyingine ya maji matupu, cha kwanza ukile dakika ya 25. Usibadilishe kingine chochote siku hiyo, sio tairi jipya wala kiti kipya, ili kikiharibika kitu tujue ni nini. Ikiwa bado miguu inakata niandikie tena, ila niandikie ulikula nini Ijumaa usiku, asubuhi ulikula saa ngapi, na ilikata dakika ya ngapi, hiyo dakika ndio inanisaidia kuliko vyote.